Nani Anafagia

Baba hakuniuliza habari za mitihani.
Nilipotua begi sebuleni, Cheyo,
vumbi la treni bado limo masikioni,
alisema, "Mwangaluka, Kalunde,"
kisha, kabla sijanywa hata maji:
"Ulifika kwenye ule mji wao uliokufa?"

Nilifika, baba.
Basi la usiku kutoka Bangalore,
bibi wa dirishani kanilalia begani,
na alfajiri nikaona mawe,
mawe juu ya mawe, makubwa kama mabehewa
yaliyoacha reli yakapinduka,
na katikati yake migomba,
kijani kama kitenge ambacho hakijafuliwa.

Vijayanagara, wakaniambia. Mji wa ushindi.
Ushindi wenyewe umelala chali.
Soko lao refu kuliko barabara ya stesheni,
nguzo huku, nguzo kule,
walipopima lulu kwa vibaba kama sisi karanga;
nilikuta mbuzi mmoja anajikuna ubavu.

Kuna gari la mawe,
magurudumu yamechongwa maua, hayazunguki.
Nikakumbuka kile kichwa cha garimoshi kule karakana
tulichokipanda hadi Kapela akavunjika jino.
Kuna nguzo zinazolia ukizigonga.
Askari akanikataza kwa kidole,
nikazibandika sikio tu,
nikasikia damu yangu mwenyewe.

Na mizani, baba!
Nguzo mbili na boriti ya jiwe juu yake.
Mfalme anakaa upande huu, dhahabu upande ule,
hadi walingane.
Nikacheka peke yangu, watalii wakageuka:
nilikuona wewe dukani kwa Vrajlal
unapima nta ya watu wa Sikonge,
kidole kinanyemelea sahani.

"Sikuwahi kugusa sahani," baba akasema.

Mama akakohoa jikoni.

"Na mlango? Komeo lao likoje?"

Nilijua angeuliza.
Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi wa katani,
ufunguo wa kile kihekalu nyuma ya soko
aliouacha mjane wa Vrajlal
akisema atarudi mvua zikikatika.
Mshahara ulikuja kwa hundi,
kisha kwa barua,
kisha kwa salamu.

Hakuna mlango, baba.
Unapita kizingiti, unapita kingine,
giza linapoa kila hatua,
na chumba cha ndani kabisa, cha mungu mwenyewe,
mna popo, na duara jeupe sakafuni
pale alipokuwa amesimama.
Hata shada hakuna. Hata harufu ya ubani.
Nilivua viatu hata hivyo.
Sijui nilimvulia nani.

Baba alinyamaza. Nje mtu alipita na baiskeli ya mkaa,
mnyororo unalia.

"Nani anafagia?"

Mwanamke, nikasema. Sari kaipandisha hadi magotini,
ufagio wa chelewa.
Anafagia kinyumenyume
ili afute nyayo zake mwenyewe, kama wewe.
Nilimsalimia, hatukuwa na lugha,
akaninyooshea ufagio nishike,
nikafagia ngazi tatu.

"Analipwa?"

Analipwa, baba. Na serikali. Kila mwezi.

Hapo akafumba macho.
Akaanza na kidole gumba, mkono wa kulia,
akaenda wa kushoto, akarudi wa kulia,
midomo inacheza bila sauti.
Mama akaleta matobolwa na karanga, yakapoa.
Mara moja alikosea, akaguna,
akaanzia tena ule mwaka wa njaa.

Kisha akanyanyuka,
akatoa ufagio nyuma ya kabati.
"Leo upepo umevuma," akasema,
"ile mwarobaini itakuwa imemwaga majani ngazini."

Akainamisha shingo, nikautoa uzi.
"Ufunguo beba wewe, Kalunde.
Mimi bado nahesabu."